Digrii Themanini na Tatu

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Barua hii ikikukuta mzima, isome ukiwa umekaa. Ikikukuta mgonjwa, isome baada ya kupona, maana haina dawa ndani yake. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua na bado linakosea. Baba yako anakula na kulalamika, kwa hiyo ni mzima. Tangu ahamie kwangu alikuwa anashinda mlangoni akihesabu wapita njia, nikaona nimpe kazi karakanani. Sasa ana daftari alilolipigia mistari kwa rula, utadhani bado ni mkuu wa maboila kiwandani.

Sasa lililonishikisha kalamu. Kuna mtu ananifanyia hila, na nadhani namjua.

Kazi yangu unaijua. Daktari wa meno anachukua umbo la kinywa cha mgonjwa, mimi natengeneza meno ya bandia. Naunda ufizi kwa nta, nauzika kwenye plasta ndani ya kasha la shaba, naitoa nta, nachanganya unga wa waridi na maji yake ya dawa, nashindilia mahali pa nta, naweka kasha zima kwenye sufuria. Miaka ishirini na miwili sasa. Sikusomea. Nilikaa nyuma ya fundi wa zamani nikimfulia makoti na kumtazama mikono, mpaka siku alipogundua kwamba namsahihisha. Leseni niliipata kwa mtihani mbele ya kamati, na watatu kati ya waliokuwa mezani walikuwa wamevaa kazi yangu mdomoni bila kujua.

Basi tangu Januari meno yangu yanapinda. Mzee Karani, mstaafu wa masjala, aliyaosha yake kwa maji ya moto kama anavyoosha kila kitu, yakatoka yamejikunja kama ganda la chungwa. Mwalimu wa hesabu naye yake hayakai tena; akitaja saba yanataka kutoka. Ni hao wawili tu. Daktari anasema kosa ni langu, na jina langu amelipeleka kwenye kamati ya leseni. Kamati inakaa tarehe 20 Juni. Wakininyang'anya leseni, mwanangu, nitabaki mama mtu mzima mwenye sufuria kubwa na plasta nyingi, basi.

Lakini unga ananunua nani? Daktari. Ananiletea pakiti iliyokwisha kufunguliwa, eti alikuwa anaukagua. Na mwaka huu amepata rafiki, fundi mpya wa mtaa wa pili mwenye mashine inayong'aa na kibao chenye taa. Daktari wa meno anayecheka amefumba mdomo, mtu kama huyo utamwamini vipi? Kikulacho ki nguoni mwako.

Wewe uko kwenye maabara ya kupima plastiki. Nimekufungia vipande viwili. Chenye uzi mweusi ni cha Mzee Karani. Chenye uzi mweupe kimetoka kwenye meno yangu mwenyewe, upande wa nyuma, niliyoyapika miaka sita iliyopita. Pima uniambie unga huu umechanganywa na nini. Usimwambie mtu. Hata baba yako hajui kwamba nimekuandikia.

Shangazi yako


Tarehe 29 Machi

Shangazi, shikamoo.

Natumaini goti limeacha utabiri. Mimi mzima, ila dada wa chumba cha pili amenunua jogoo na sote jengoni sasa tunaamka naye. Msalimie sana baba. Mwambie koti alilonitumia linanitosha, mikono tu ndiyo mirefu, kwa hiyo sinunui glavu.

Nisamehe kwa kuchelewa. Mashine ina foleni, na mkuu wetu wa maabara anahesabu mpaka vifuniko vya visahani. Alinikubalia Jumamosi mbili.

Nitakueleza tulivyofanya, kwa sababu najua hutaamini namba usiyoiona inavyozaliwa. Kwanza, mashine yenyewe tunaishuku. Kila asubuhi tunaiyeyushia kipande cha metali ambayo dunia nzima inajua inayeyuka kwa joto gani. Ikitaja namba nyingine, siku hiyo hatuisikilizi. Ungeipenda.

Kisha nilikata kipande chako kikabaki miligramu kumi, kidogo kuliko punje ya mchele. Nikakiweka kwenye kisahani cha aluminiamu chenye kifuniko, na kando yake kisahani kingine kitupu. Vyote viwili vinapashwa moto kwa mwendo mmoja, digrii kumi kila dakika. Kazi ya kalorimita, ndiyo hiyo mashine, ni kutazama kile chenye kitu kinadai joto zaidi kiasi gani kuliko kitupu ili visiachane njiani. Kwenye skrini mstari unakwenda umelala, halafu mahali fulani unashuka ngazi moja na kuendelea na safari yake. Kwenye ngazi hiyo ndipo plastiki iliyokuwa ngumu kama kioo inapolegea kama mpira. Haiyeyuki, inalegea tu. Sisi tunaiita halijoto ya mpito wa kioo.

Kipande chako, cha uzi mweupe, kililegea kwenye digrii 111. Maji hayafiki huko hata yakichemka, ndiyo maana unakunywa chai bila wasiwasi. Cha Mzee Karani kililegea kwenye 83. Maji ya moto ya kawaida tu yanatosha kukipinda.

Namba hizi nimeziandika kwa penseli. Tafadhali usimwonyeshe mtu kwanza, na usimshutumu mtu. Nina maswali matatu. Unapika kwa saa ngapi? Wateja wanalalamika mdomo kuwasha, au ladha ya dawa? Na saa ya kuchemsha, ni nani anakuwa jikoni?

Mtoto wenu


Tarehe 11 Aprili, Alhamisi

Mwanangu,

Tumepokea barua yako tukiwa wazima, na barua ilitupata wazima zaidi. Themanini na tatu! Nilivaa viatu vya kufunga kamba nikaenda nayo kwa Daktari siku ileile. Alisoma, akaikunja, akanirudishia kwa vidole viwili. Mtu asiye na hatia angeuliza swali. Kutoka hapo nikaenda kwa katibu wa kamati nikaandika malalamiko yangu rasmi: kwamba Daktari ananipa unga uliochakachuliwa, na kwamba ushahidi uko maabara. Jina lako sikulitaja. Nilisema tu mtaalamu. Usiponipongeza nitajua una wivu.

Uliniambia nisimwonyeshe mtu. Ninajua. Lakini wewe uliandika "kwanza", na kwanza ilikuwa imekwisha kupita.

Sasa maswali yako. Ninapika saa saba nzima, kama nilivyofundishwa: tangu asubuhi kwenye digrii sabini, polepole, hadi saa saba mchana, halafu moto unapandishwa, maji yanachemka saa nzima, yanazimwa, na kasha linapoa humohumo ndani ya maji. Midomo, ndiyo, inawasha. Wote watano wamesema hivyo. Na unaniuliza nani yuko jikoni, kama askari aliyekuta dirisha wazi. Jumanne na Ijumaa ndizo siku zangu za kupika, na siku hizohizo saa sita napeleka kazi kwa Daktari na kurudi saa kumi. Saa ya kuchemsha yuko baba yako, mtu aliyechunga maboila miaka thelathini mpaka akastaafu kwa heshima. Nikirudi nakuta moto umezimwa na kasha linapoa kama inavyotakiwa. Kama humwamini mzazi wako, nakutumia daftari lake, nimelichomoa kwenye rafu amelala mchana. Utaona mwenyewe: saa, digrii, sahihi. Hakuna siku iliyorukwa. Nimetia na pakiti ndogo ya unga wenyewe na vipande vya hao wengine, kila kimoja na karatasi yake.

Barua naiwahisha posta kabla hawajafunga, kwa sababu kesho ni siku ya kupika.

Shangazi yako, ambaye hatimaye ana mtaalamu


Tarehe 2 Mei

Shangazi, shikamoo.

Huku tuko salama. Jogoo ameuzwa. Natumaini baba anatembea asubuhi kama alivyoshauriwa.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipoandika kwamba unatania.

Kuna jambo sikukuambia mwezi Machi. Kipande kimoja tunakipasha moto mara mbili. Mara ya kwanza kinaeleza yaliyokipata: kilipikwaje, kilipozwaje, kimekaaje. Kisha tunakipoza ndani ya mashine na kukipasha tena. Sasa ile historia yake imefutika, na kilichobaki kinaeleza kitu kimoja tu: kimetengenezwa kwa nini. Kipande cha Mzee Karani mara ya kwanza kilitoa 83. Mara ya pili kilitoa 107.

Ungekuwa unga mbaya, Shangazi, ungekuwa mbaya mara zote mbili. Unga ni mzuri. Na huu ulionitumia nimeupika mwenyewe humu, nao ni mzuri. Tena safari ile ya kwanza, baada ya ngazi, kipande kilianza kutoa joto chenyewe. Maana yake kilikuwa bado kinajipika. Kilimalizia kwenye mashine yangu kazi ambayo hakikuimaliza kwenye sufuria yako. Maji ya dawa ambayo hayakupata kugeuka plastiki ndiyo yanayowasha midomo ya watu, na ndiyo yanayolainisha ufizi. Kasha halikuchemshwa. Labda lilifika themanini, labda chini ya hapo, lakini mia halikufika.

Mwondolee Daktari malalamiko yale kabla ya kamati. Mtu ukimshtaki kwa kosa ambalo hakulifanya, atakuwa na haki ya kukasirika, na wewe hutakuwa na la kumjibu.

Barua ya kwanza walikuwa wawili. Ya pili watano. Vipande ulivyonitumia, ukiongeza cha Mzee Karani, ni kumi na moja. Vyote vimetoa kati ya 79 na 86.

Daftari nimeliona. Mwandiko ni mzuri.

Mtoto wenu


Tarehe 13 Mei

Mwana wa kaka yangu,

Salamu zipo, lakini leo zitakuja mwishoni kama nafasi itabaki.

Kwa hiyo mara ya kwanza 83, mara ya pili 107. Nikikupa mara ya tatu utaniletea ngapi? Mwezi Machi mashine yako ilikuwa shahidi wangu, Mei imehamia upande wa pili. Mimi si msomi, lakini nimekaa na watu wasemao wamefumba kinywa miaka ishirini na miwili, najua kinywa kinachoficha kitu. Wewe namba unayo tangu Machi, ukaikalia. Kwa nini?

Nimekaa nikafikiri. Ni nani aliyekuandikia barua ya kukupeleka chuoni? Daktari. Ni nani alikupongeza mbele ya watu ulipopata kazi hiyo? Daktari. Sisemi kitu. Naweka tu mawe mawili kando kando, anayetaka kuona ukuta auone.

Halafu lile la mwandiko. Nimekuomba usome daftari, wewe ukasifu mwandiko. Mtu akisifiwa mwandiko, ujue maneno yake yameshindikana kusifiwa. Unataka kusema nini juu ya mzee wako ambacho huwezi kukisema? Mtu huyu kila nikirudi ananipokea kikapu. Ananiuliza Daktari amesemaje, anasikitika na mimi. Tangu daftari liondoke anazunguka karakanani akifungua droo, nami nimemdanganya kwamba limelowa, liko juani linakauka. Lirudishe.

Watu ni kumi na mmoja, ndiyo. Sikutaka uone aibu kwa ajili yangu. Sasa naona ningeongeza wawe ishirini.

Barua kwa kamati siiondoi.

Salamu. Zimepata nafasi.


Tarehe 24 Mei

Shangazi, shikamoo, hata kama hutaitikia.

Daktari hajaniandikia tangu nimalize chuo. Mimi naye hatuna siri. Siri ninayo na baba, na niliahidi kuitunza. Ahadi hiyo naivunja leo, na nakuomba ukisoma uketi peke yako.

Daftari linarudi pamoja na barua hii. Fungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Nimezungushia mstari mmoja kwa penseli. Unasema: Ijumaa tarehe 12 Aprili, saa 7:00 moto juu, saa 7:20 digrii 100, saa 8:20 moto zimwa, na sahihi yake. Sasa tazama bahasha uliyonitumia, nayo nimekurudishia. Muhuri wa posta ni wa Alhamisi tarehe 11. Daftari lilisafiri siku moja kabla ya sufuria kuwekwa jikoni.

Nadhani analijaza wiki nzima kwa mkupuo. Kiwandani walifanya hivyo. Aliwahi kunisimulia akicheka, kwamba mkaguzi anapenda daftari lililojaa kuliko boila lililo salama.

Sasa lile lingine. Baba hakustaafu akiwa mkuu wa maboila. Wewe ulikuwa mbali mwaka ule, nasi tulikuambia alichotaka uambiwe. Boila namba mbili lilipasuka yeye akiwa ametoka kwenda kusaini zamu, na mwenzake, yule aliyekuwa akituletea peremende, alikuwa ndani akafa; baba akaulizwa mbele ya meza ya uchunguzi alikuwa wapi. Tangu siku hiyo baba hakuweza kuacha chombo kichemke. Sindano ya kipimo ikianza kupanda alizima. Kiwanda kilisimama mara nne mwezi mmoja. Walimhamishia getini, akafungua na kufunga geti miaka mitano ya mwisho. Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Mfuniko wa birika ukianza kutikisika, alilitoa motoni. Mama alikuwa akisema ameolewa na chai ya uvuguvugu. Nilidhani amekwisha kupona. Uliponiandikia Machi kwamba umempa kazi karakanani, nilishtuka. Nilipoiona ile 107, nilijua.

Sikukuambia kwa sababu ungemtazama. Wewe ukimtazama mtu, Shangazi, mtu huwa amekwisha kutazamwa.

Mtoto wenu


Tarehe 6 Juni

Mwanangu,

Sikujibu mapema kwa sababu nilitaka kukukuta na kosa. Nimelitafuta siku kumi. Muhuri ni wa Alhamisi.

Juzi Jumanne nikaaga kama kawaida, kikapu mkononi, saa sita. Nikazunguka nyuma, nikapita kwenye uchochoro wa mafundi viatu, nikasimama nje ya dirisha la karakana, pale penye kioo kilichopakwa plasta. Plasta nimeipaka mimi, kwa hiyo najua inapobanduka. Fundi viatu akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia adabu.

Saa saba kamili baba yako alisimama. Alivaa miwani, akafunga kifungo cha juu cha shati, akapandisha moto kama ilivyoagizwa. Nikaanza kukutukana moyoni. Halafu mfuniko ukaanza kupigapiga. Sijawahi kumwona mtu mzima akirudi nyuma namna ile, mpaka mgongo wake ukagusa rafu ya plasta. Alikaa hapo kidogo. Kisha akaja kwa pembeni, amegeuza uso, akanyoosha mkono akauzungusha moto mpaka chini. Kelele zikaisha. Akakaa kwenye kigoda mikono ikiwa katikati ya magoti, na hapo akakaa saa nzima, mwaminifu kabisa, akichunga sufuria isichemke. Saa nane na dakika ishirini akazima. Hakugusa kalamu, wala daftari nililokwisha kulirudisha kwenye rafu.

Nilirudi saa kumi. Alinipokea kikapu. Nikamuuliza kazi imekwendaje, akasema vizuri. Nikasema asante, kaka. Nilimtazama kiatu.

Kwa hiyo nimeamua. Malalamiko dhidi ya Daktari nimeyaondoa jana. Katibu alinipa fomu ileile ya kuweka malalamiko, ila nikakata neno moja. Na kwenye kamati nitasema kosa ni langu: nilikuwa na haraka, nilizima sufuria kabla ya kutoka ili niwahi kwa Daktari. Uongo huu nimeutengeneza vizuri, una saa, una sababu, una aibu kiasi. Wataninyang'anya leseni au hawataninyang'anya, lakini ndugu yangu hatasimama mbele ya meza kwa mara ya pili katika maisha yake akiulizwa alikuwa wapi.

Wewe usimwandikie juu ya jambo hili. Sufuria kuanzia kesho Ijumaa nitachemsha mwenyewe. Yeye nimemwambia kwamba Daktari amebadilisha siku.

Shangazi yako


Tarehe 13 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nimekuandikia haraka ili ikuwahi. Usiseme hivyo. Ukikiri kwamba ulizima kwa kusudi mara kumi na moja, huo si uzembe tena, na kwa kusudi wanafuta leseni moja kwa moja. Ukisema tu kwamba kazi ilisimamiwa vibaya, wanaweza kukuonya. Nimeuliza mtu anayezijua kanuni.

Nakutumia ripoti iliyopigwa muhuri. Mkuu wa maabara amekubali kuitia sahihi baada ya kurudia kipimo kwa mkono wake. Hakuniamini, na sikumlaumu. Inasema kwamba unga hauna kasoro na kwamba meno hayakuiva. Ya nani alikuwa jikoni haisemi, kwa sababu mashine haijui hilo.

Tafadhali usimharibie baba, na wewe pia usijiharibie. Najua nakuomba mambo mawili yasiyolala kitanda kimoja.

Mtoto wenu


Tarehe 23 Juni

Mwanangu,

Ripoti ilinifikia siku mbili kabla. Nilipenda muhuri wake, ni wa bluu na umenyooka. Sisi ni wazima. Sasa tulia nikuhadithie, maana najua unaruka mistari.

Alhamisi niliamka nikavaa gauni la kwendea ofisini. Baba yako hakuwepo. Kitanda kimetandikwa, kikombe kimeoshwa. Nikasema ameenda kutembea, kama alivyoshauriwa. Njia nzima nilikuwa narudia maneno yangu, yaleyale uliyonikataza. Siku nne nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo, pamoja na mahali pa kushusha sauti.

Naingia kwenye kile chumba cha kamati, chenye viti vya mbao na feni isiyozunguka, namkuta baba yako ameketi mbele ya meza. Amevaa koti lake la kiwandani. Daftari liko mezani limefunguliwa. Daktari yuko kiti cha ukutani, anatazama viatu vyake. Mwenyekiti aliniambia niketi, kwamba bwana huyu bado anaongea. Lakini alikuwa amekwisha kumaliza. Sentensi zake zilikuwa mbili, na mwenyekiti akamwomba azirudie ili nami nisikie.

"Zamu ilikuwa yangu," alisema. "Maji hayakuchemka hata siku moja, na hili daftari ni la uongo, nimeliandika mimi."

Mwenyekiti akamuuliza kwa nini hakuchemsha. Akasema kwa sababu hawezi. Mjumbe mmoja alitaka kuuliza zaidi, akamtazama usoni, akaanza kutafuta kalamu yake ambayo ilikuwa mkononi.

Halafu wakanigeukia mimi. Nifanye nini? Nilikuwa na uongo mzima umekaa mdomoni, umeiva, umechemka saa nzima, na ndugu yangu amekuja kuuharibu kwa sentensi mbili. Nikauzuia. Nikasema tu kwamba sufuria ni yangu na karakana ni yangu, na kwamba nilimkabidhi mtu kazi bila kumuuliza kama anaiweza, kwa sababu kumuuliza kungekuwa kumtilia shaka. Nikasema namwomba Daktari radhi. Nilisema kwa sauti, watu wanne wakisikia, kwa hiyo usije ukaniomba niirudie.

Wakatutoa nje. Tulikaa kwenye benchi la korido, yeye upande huu, mimi upande ule, katikati yetu ripoti yako. Nilimuuliza alijuaje. Akasema barua ya kuitwa niliiacha kwenye rafu ya plasta, na kwamba mtu hafichi kitu mahali ambapo mwenzake amekaa miezi mitano akipatazama. Nikamwambia angeniambia. Akasema hata mimi ningemwambia. Hapo sote tulikuwa na haki.

Uamuzi: leseni inabaki. Nimepewa onyo la maandishi. Meno ya wote kumi na mmoja nayatengeneza upya, na sufuria ikiwa motoni mwenye leseni haondoki. Daktari atatuma mtu kuchukua kazi kwangu, sitatoka tena siku za kupika. Unga ataendelea kununua yeye, nami nimemwomba alete pakiti isiyofunguliwa. Radhi nimeomba, lakini sikuahidi kuwa mjinga.

Tukiwa njiani kurudi, karibu na kona ya mafundi viatu, baba yako akasimama. Akaniuliza ile alama ya penseli kwenye daftari, iliyozungushwa pale Ijumaa, nani aliichora.

Nilikuwa na uongo uliobaki bila kazi, mwanangu, basi nikaupa kazi. Nikamwambia niliichora mimi. Akaniuliza mtoto anajua nini. Nikamwambia mtoto alitumiwa vipande vya plastiki, akapima plastiki, akaandika namba. Mambo ya sufuria na daftari hayajui, na hana pa kuyajulia. Kisha akachukua mkoba wangu akaubeba, akatangulia mbele.

Sasa ananisubiri nimalize ukurasa huu, anataka kuongeza salamu zake chini. Kwa hiyo nitafunga bahasha hii kwanza, niseme nimesahau, na nimpe karatasi nyingine aandike barua yake mwenyewe. Atakuandikia juu ya goti langu na mvua. Mjibu haraka, kwa furaha, na umuulize kama kazi karakanani bado inampendeza.

Na ukimwandikia, usijue kitu.

Shangazi yako